Kabla hujamwita mtoto mvivu, kagua gitaa lake

MTOTO ameomba gitaa tangu mwezi wa tatu. Ameomba kwa mdomo, ameandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa jokofu, amemtuma bibi amwombee. Likizo ya Desemba inafika, baba anajikamua, anarudi nyumbani Jumamosi jioni na gitaa jekundu linalong'aa ndani ya mfuko mwembamba mweusi. Wiki ya kwanza nyumba nzima haina usingizi. Wiki ya tatu gitaa linashikwa Jumapili tu. Mwezi wa pili liko juu ya kabati, limelala kati ya sanduku la nguo za sikukuu na feni mbovu.

Hapo maneno huanza. "Si nilisema? Huyu hamalizi kitu." Mwingine anakumbusha viatu vya mpira vilivyoachwa, na baiskeli. Mtoto anasikia yote hayo, na kwa kuwa ni mtoto, anayaamini. Tangu siku hiyo anajua kwamba yeye hana kipaji, tena hana subira, na akiwa na miaka 30 atawaambia wenzake kazini kwamba aliwahi kujaribu gitaa akashindwa.

Mara nyingi, ingawa si mara zote, mwenye kosa katika nyumba hiyo ni gitaa.

Linalozungumzwa hapa ni gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, ambalo wazee hadi leo wanaliita galatoni. Kwa macho ya mzazi asiyepiga muziki, magitaa yote ni mamoja: sanduku la mbao lenye kiuno, tundu katikati, shingo ndefu na nyuzi sita. Likilia, ni zima. Lakini kati ya gitaa lililotengenezwa vizuri na kitu chenye umbo la gitaa kuna tofauti ambayo jicho halioni ila kidole cha mtoto wa miaka tisa kinaijua ndani ya dakika tano.

Tofauti ya kwanza, na kubwa kuliko zote, ni umbali kati ya nyuzi na shingo. Ili sauti itoke, mtoto lazima aubonyeze uzi mpaka ukandamizwe kwenye freti, vile vichuma vyembamba vilivyolazwa kukatiza shingo. Gitaa likiwa limeundwa vizuri, uzi uko karibu, kidole kinashuka kidogo tu. Likiwa limeundwa vibaya, uzi uko juu kama kamba ya kuanikia nguo, na mtoto lazima auvute chini kwa nguvu zake zote. Mtu mzima ataweza. Kidole cha mtoto kitachanika.

Na maumivu ni nusu tu ya hasara. Uzi ulio juu sana, ukishushwa hadi kwenye freti, unavutika zaidi ya inavyotakiwa, na uzi ukivutika sauti hupanda. Kwa hiyo mtoto anaweka vidole mahali hasa alipoelekezwa na mwalimu, anavumilia maumivu, anapiga, na kinachotoka ni sauti mbovu. Amefanya kila kitu sawasawa na amepata jibu la aliyekosea. Mfanyie mtu mzima hivyo kazini kwa wiki sita uone kama hataacha.

Kadi za benki

Mzazi hahitaji kujua kupiga hata wimbo mmoja ili alikague gitaa dukani. Anahitaji macho, masikio, simu, na kadi chache za benki.

Kadi ya benki, popote duniani, ina unene wa robo tatu ya milimita hivi. Hesabu freti kuanzia upande wa kichwa hadi ya 12. Kwenye magitaa mengi kuna alama ya nukta mbili hapo, au shingo inakutania hapo na sanduku. Zipange kadi pamoja, ziingize taratibu kati ya kilele cha freti hiyo na uzi mnene kuliko wote. Gitaa la nyuzi za chuma likipokea kadi tatu bila uzi kuinuka, liko sawa. La nyuzi za nailoni linaruhusiwa kufika kadi tano. Likipokea kadi saba au nane, rudisha kadi kwenye pochi na umwambie muuzaji ahsante.

Kisha lishike gitaa kama seremala anavyoshika ubao: kichwa kiwe karibu na jicho, fumba jicho moja, tazama kando ya shingo mpaka mwisho. Kupinda kidogo sana kwa ndani ni kawaida. Shingo iliyojinyonga, upande mmoja juu na mwingine chini, haina dawa ya bei nafuu. Pitisha kiganja kwenye kingo zote mbili za shingo. Ncha za freti zikikukwaruza wewe mwenye ngozi ngumu, zitamkata mwanao.

Halafu simu. Programu za kupima sauti za gitaa zipo za bure. Mwombe muuzaji akaze nyuzi zikae sawa, kisha piga uzi mmoja ukiwa wazi, na uupige tena ukiwa umebonyezwa freti ya 12. Programu inatakiwa kuonyesha herufi ileile mara zote mbili, na mshale ukae katikati. Ukiona mara ya pili mshale umekimbilia mbali, hilo gitaa halitakaa lilie vizuri hata lipigwe na nani, maana freti zake au daraja lake havikupimwa vizuri kiwandani. Bonyeza pia kila uzi kwenye kila freti, mmoja mmoja. Kazi hiyo inachosha na muuzaji ataanza kukutazama vibaya. Mwache atazame. Unasikiliza kama kuna mahali uzi unavuma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

Jina kubwa lililoandikwa kichwani lisikutulize sana. Hata gitaa la kampuni nzuri hutoka kiwandani nyuzi zikiwa juu kidogo, kwa kuwa kushusha ni rahisi kuliko kupandisha. Ndiyo maana gitaa jipya linahitaji kupita mikononi mwa fundi kabla ya kupita mikononi mwa mtoto. Fundi atasaga kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi pale darajani. Hesabu yake ni hii: akitaka nyuzi zishuke milimita moja kwenye freti ya 12, anasaga milimita mbili. Kama gitaa lina chuma ndani ya shingo cha kurekebishia mpindo, atakikaza au kukilegeza kwa ufunguo. Ni kazi ya muda mfupi, na tofauti yake kwa mtoto ni ile kati ya kupanda mlima na kutembea barabarani.

Fundi huyo yuko wapi? Mara nyingi hana kibao mlangoni. Muulize mpiga gitaa wa kwaya, au kijana wa bendi inayopiga ukumbini mwisho wa wiki. Wao magitaa yao yanatengenezwa na mtu, na mtu huyo wanamjua. Walioko Bagamoyo wana Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na Unguja kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa mwaka 2002. Hata usipompeleka mtoto kusoma huko, sehemu kama hizo ndizo zenye watu wa kuuliza.

Lakini wazee walianzia kwenye madebe

Ukifika hapa kuna mzazi atakayeinua mkono. Atasema: mbona wakongwe hawakuwa na haya yote? Vijana wangapi wa zamani walianza na debe la mafuta, ubao, na waya za breki za baiskeli, na leo nyimbo zao zinapigwa redioni? Kama kipaji kipo, si kitatoka tu?

Ni hoja nzito, na inastahili kujibiwa bila kejeli.

Kwanza, tutazame hilo neno galatoni. Limetokana na Gallotone, jina la biashara la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyouza santuri na pia magitaa. Magitaa hayo yalisambaa sana barani, kiasi kwamba jina la chapa likawa jina la chombo, kama ilivyokuwa kwa sabuni na dawa za meno. Hayakuwa ya kifahari. Yalikuwa madogo, ya bei ya chini, ya plaiwudi. Moja, aina ya Gallotone Champion, lilifika hadi Liverpool, Uingereza, miaka ya 1950, mikononi mwa kijana aitwaye John Lennon. Mama yake mkubwa, Mimi, aliyekuwa akimlea, alimwonya kwamba gitaa ni sawa kujifurahishia lakini halitamlisha. Alilipiga gitaa hilo tarehe 6 Julai 1957 kwenye tamasha la kanisa ambako alikutana na Paul McCartney kwa mara ya kwanza, na mwaka 1999 likauzwa kwa mnada London kwa pauni 155,500. Ndani yake kulikuwa na kibandiko cha kiwanda chenye ahadi moja tu: halitapasuka.

Ahadi hiyo inaeleza mengi. Haikusema litalia kwa utamu, ilisema halitapasuka. Galatoni lilikuwa gitaa la bei nafuu lililoundwa kwa kazi maalumu, yaani kusafiri mbali na kuishi katika hali ya hewa ya kila namna, na kazi hiyo ililiweza. Kwa hiyo "gitaa zuri" kwa maana ya ukurasa huu halimaanishi gitaa ghali. Lipo gitaa la bei ndogo lililopimwa vizuri, na lipo la bei kubwa lenye nakshi za chaza shingoni ambalo nyuzi zake ziko mawinguni.

Pili, wale wanaotajwa ni wale walioshinda. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo ni Likasi. Alipiga kwa vidole viwili, dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikiimba juu, na wimbo wake "Masanga" bado unawatoa jasho wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaojaribu kuuiga. Upande wa magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alicharaza omutibo huku mwenzake akigonga chupa ya soda kuweka mapigo. Watu wa namna hiyo wangetoa muziki hata kwenye uzio wa seng'enge. Lakini kwa kila mmoja aliyepenya, kulikuwa na vijana wangapi kijijini waliochubuka vidole kwenye waya za breki wakarudi kuchunga? Hao hakuna aliyewarekodi. Mtoto aliye nyumbani kwako huenda ni Mwenda, huenda si Mwenda. Mtoto wa kawaida naye ana haki ya kupiga wimbo wa shukrani kwenye harusi ya dada yake.

Na kuna jambo la tatu ambalo wanaotaja madebe hulisahau. Kijana aliyejitengenezea gitaa la debe alilijua ndani nje. Uzi ukiwa juu, alichukua kisu akachonga. Mtoto wa leo anapewa kitu kilichokwisha kufungwa kiwandani, na haruhusiwi hata kukigusa kwa bisibisi.

Ubao unaoimba

Anayetaka kwenda hatua moja mbele, hasa kwa mtoto ambaye amekwisha kupiga mwaka mzima na hataki kuacha, ajue siri ya ubao wa mbele, ule wenye tundu. Uzi peke yake hauna sauti ya maana. Ufunge kwenye tofali uupige, utasikia mlio hafifu. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao wa mbele, na ubao huo ndio unaosukuma hewa. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania ambaye magitaa ya leo ya nailoni yamerithi umbo lake, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, ubao wa mbele tu ndio ulikuwa mti mzuri. Lililia vizuri. Alitaka kuwaonyesha watu sauti inatoka wapi.

Kwenye magitaa ya bei ya chini ubao huo ni plaiwudi, matabaka yaliyogundishwa. Kwenye yaliyopanda daraja ni mti mtupu, kwa kawaida msprusi au mseda wa nchi za baridi, uliopasuliwa mwembamba kama milimita tatu au pungufu. Mti mtupu hutikisika kwa uhuru zaidi, na wapigaji wengi watakuambia sauti yake hufunguka kadiri unavyopigwa miaka. Kuutambua, tazama ukingo wa lile tundu: mistari ya mti ikishuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini ya ukingo, ni mti mtupu. Ukiona matabaka kama ya keki, ni plaiwudi.

Mgongo na mbavu huwa za mahogani, za mti wa jamii ya mpingo, au za miti mingine migumu. Mpingo wenyewe, mti wa taifa wa Tanzania, husafiri hadi Ulaya kuwa zumari za kizungu, na mafundi wachache huutumia kwa magitaa ya bei ambayo haitatajwa hapa mbele ya watu wenye ada za kulipa. Wanakijiji wa Kilwa walipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo wao bila kuumaliza msitu. Mtoto akiuliza gitaa linatoka wapi, sehemu ya jibu iko Lindi.

Hata hivyo, mzazi wa Tanga, Mombasa au Unguja asikimbilie mti mtupu kwa mtoto wa miaka minane. Mti mtupu unakunywa unyevu na kuutema. Hewa ya pwani huuvimbisha, tumbo la gitaa likatuna, nyuzi zikapanda. Gitaa hilohilo likihamia Dodoma wakati wa kiangazi, mti unasinyaa na unaweza kupasuka. Hali inayoupendeza ni unyevu wa asilimia 45 hadi 55, ambao pwani yetu huupata kwa nadra. Plaiwudi haijali mambo hayo, ndiyo maana galatoni liliweza kutoa ile ahadi. Kwa mtoto anayeanza, gitaa la plaiwudi lililopimwa vizuri ni chaguo la akili, wala si la umaskini. Popote ulipo, usiliache gitaa kwenye buti ya gari juani. Gundi hulainika, na daraja hubanduka taratibu bila kelele.

Nyuzi na ukubwa

Kwa vidole vinavyoanza, nyuzi za nailoni ni rafiki zaidi. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyepesi, zikikazwa sawasawa huvuta shingo na daraja kwa nguvu ya karibu kilo 70. Za nailoni huvuta kilo 40 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta maafa yanayoonekana mitaani kila siku: uzi wa nailoni umekatika, kijana anaenda dukani anauziwa seti ya chuma, anaifunga. Gitaa lililojengwa kubeba kilo 40 linabebeshwa 70. Baada ya miezi michache daraja limeinuka au shingo imepinda, na mwenye gitaa anasema lilikuwa feki. Halikuwa feki.

Nyuzi mpya za nailoni hazitulii. Kwa siku kadhaa zitaendelea kulegea kila baada ya nusu saa, na mtoto atakaza tena na tena. Ni tabia yake, si ugonjwa. Nyuzi za chuma nazo, karibu na bahari, hushika kutu haraka. Kitambaa kikavu kipitishwe juu yake kila baada ya kupiga.

Kuhusu ukubwa, gitaa kamili lina nyuzi zenye urefu wa milimita 650 hivi kutoka kichwani hadi darajani. Mtoto wa miaka mitano hadi minane huhitaji lile linaloitwa nusu, wa tisa hadi 11 robo tatu, na kuanzia miaka 12 wengi wanaliweza kamili. Umri ni mwongozo tu, mkono ndio unaoamua. Akikaa na gitaa pajani, mkono wa kushoto ufike kichwani bila bega kuvutwa. "Atalikulia" ni kauli ya sare za shule. Kwenye gitaa haifai.

Na mwenye mkono wa kushoto? Wapo wanaojifunza kwa mkono wa kulia kama wenzao na hawana shida, kwa kuwa gitaa linahitaji mikono yote miwili. Wapo wanaokataa kabisa. Akikataa, asilazimishwe, ila pia nyuzi zisigeuzwe tu kiholela: vijia vya pale kichwani vimechongwa kwa unene wa kila uzi na daraja limeinamishwa upande mmoja. Fundi ndiye wa kuulizwa.

Gitaa ni la nani?

Suala hili wazazi hulipita haraka, na ndilo lenye uzito sawa na yale ya kadi za benki. Gitaa likishanunuliwa kwa pesa nzuri, huwa linageuka mali ya baba. Linafungwa chumbani. "Utaliangusha." "Subiri nimalize simu." "Siyo sasa, kuna wageni." Mtoto anapiga kwa kibali, kama anayeomba ufunguo wa gari.

Gitaa linalopigwa ni lile lililo karibu. Likitundikwa ukutani kwenye ndoano imara, mbali na dirisha la jua, mtoto atalishika akipita kwenda jikoni, atapiga dakika nne, ataliweka. Baada ya chakula atalishika tena. Dakika hizo za kuibaibia, zikijumlishwa, huzidi saa moja ya Jumapili anayosimamiwa. Likikaa ndani ya mfuko, zipu imefungwa, chini ya kitanda, lile zoezi la kulitoa tu linatosha kumfanya aseme kesho. Ndiyo, litachubuka. Mchubuko wa kwanza utauma, wa pili hautaonekana.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha mwanzo. Ncha za vidole vya kushoto zitauma hata kwenye gitaa zuri, kwa wiki mbili tatu, mpaka ziote sugu. Hayo ni maumivu halali na mtoto aambiwe mapema kwamba yataisha. Kucha za mkono huo zikatwe fupi. Na mzazi asiulize kila jioni "umefika wapi?" Aulize siku moja moja: nipigie kile cha jana.

Wapo wanaohofia gitaa kwa sababu nyingine kabisa: litamwingiza kwenye uhuni, litamla muda wa masomo. Hofu hiyo ina historia, maana kizazi kilichopita kiliwaona wapiga gitaa baa zaidi ya mahali pengine. Lakini mtoto aliyekaa kibarazani akihangaika na kodi tatu, nyumba nzima ikimsikia, ni mtoto ambaye wazazi wake wanajua alipo na anachofanya. Ni zaidi ya wanavyojua kuhusu aliyejifungia na simu.

Kama gitaa tayari liko juu ya kabati, lishushwe wiki hii kabla ya kununua jingine. Pima kwa kadi. Tazama shingo kwa jicho moja. Chungulia kama daraja limeanza kuinuka nyuma, pale ambapo kipande cha karatasi hakipaswi kupenya. Kama ni nyuzi tu zimepanda, fundi atalishusha. Kama limebeba nyuzi za chuma lisizozistahili, zitolewe leo. Kama shingo imejinyonga, basi hilo ni pambo, litundikwe kama pambo, na mtoto aambiwe kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya wale waliomcheka, kwamba lilikuwa bovu tangu siku lilipoingia nyumbani.

Akipewa zima na bado akaacha baada ya mwaka, basi ameacha. Gitaa zuri lina soko, na lina wadogo zake. Weka seti moja ya nyuzi za akiba kwenye droo, pamoja na risiti. Uzi aghalabu hukatika Jumapili jioni, maduka yakiwa yamefungwa.